Adela na Chupa ya Haradali

Tangu bibi kizee ambaye Adela alikuwa akilipwa kumtunza kule Bowie, Marekani, ahamie kwa mwanawe, Adela alikuwa na miezi mitatu hana kazi. Kila Jumapili, kanisani Bladensburg, aliomba lile lile: "Bwana, nipe imani kama punje ya haradali." Haradali yenyewe hakuwahi kuiona. Tangu utotoni Bukoba aliamini ni mti mtakatifu unaoota Israeli tu.

Jumapili moja, baada ya ibada, watu walichoma soseji uani. Gichuki, Mkenya aliyekuwa akizigeuza kwenye jiko la mkaa, akataka kummiminia Adela ile sosi ya njano inayowasha pua.

"Toa uchafu huo!" Adela akafoka. "Miaka sita niko Marekani nasema mastadi sili, hamsikii?"

"Lakini dada Adela," Gichuki akasema kwa upole, "mastadi si ndiyo haradali?"

Adela akaitazama chupa. Kumbe mdomo unaoiomba kanisani ndio huo huo unaoitukana uani! Akampokonya chupa, akafumba macho, akaiminya yote kinywani. Ukali ukampanda puani, machozi yakamtiririka, akaanza kurukaruka huku akipunga mikono.

"Roho ameshuka!" mke wa mchungaji akapaza sauti, na uani kote watu wakaanza kuimba na kupiga makofi.

Gichuki peke yake ndiye aliyekimbilia maji.

"Pole, dada," akamnong'oneza. "Lakini Bwana alisema punje. Wewe umemeza shamba."