Chumvi ya Viatu Vyangu

Kuna mlio ambao nikiusikia tu, uso wangu unakunjamana wenyewe. Ni mlio wa chumvi ikisagika chini ya soli, krwa, krwa, asubuhi ya baridi, baada ya gari la halmashauri kupita na kuimwaga barabarani ili watu wasiteleze. Wenzangu wakiusikia hawageuzi hata shingo. Mimi narudi kuwa na miaka kumi na mitatu, Desemba ya 2017, nimesimama mlangoni kwetu Newtown, Birmingham, ghorofa ya pili, nimevaa viatu ambavyo mama yangu hataki kuviona.

Nawaonya mapema. Kama mnangoja niseme nilijuta kuvaa vile viatu, mtangoja sana. Vilikuwa vyeusi, vya kung'aa, vimechongoka mbele, vina kisigino cha vidole vitatu na kifungo cha rangi ya dhahabu ubavuni. Tantine, mdogo wake mama, alininunulia kwenye duka moja la Kings Heath alipokuja kututembelea kutoka Ubelgiji, na nakumbuka duka zima lilinukia gundi na ngozi bandia, harufu ambayo kwangu ilikuwa tamu kuliko manukato. Nyumbani tuliviita talo, kama wanavyoita Bukavu, kwetu Kongo, viatu vyote vya kisigino. Soli yake ilikuwa laini kama sahani. Hilo sikatai.

Mama alikuwa na wazo lake, na wazo lenyewe lilikuwa buti. Buti za kahawia, za manyoya ndani, soli nene yenye meno. Buti nzuri tu, kwa mtu mwingine. Shida ni kwamba zilikuwa za Riziki. Mama yake, Mama Riziki, alikaa chini kabisa kwenye jengo letu, dirisha lake liko pale pale watu wanapotokea nje. Tulisali naye kanisa moja, yeye na mama walitoka mtaa mmoja Bukavu, na kwa miaka saba walikuwa wakiitana dada. Mguu wa Riziki ulipokua, mama yake akatupandishia zile buti kwa moyo mweupe. Lakini Riziki huyo huyo tulisimama naye bega kwa bega kwenye kwaya, na Jumamosi ya kwanza nilipozivaa mazoezini aliziangalia, akaniangalia, akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya kutosha watu kumi, kwamba zilikuwa zake na alikuwa akizivaa kupeleka takataka nje. Wakacheka. Mimi pia nikacheka, kwa meno tu. Nilipofika nyumbani nilizitupa nyuma ya kabati nikaapa mguu wangu hautaingia tena humo, labda ukatwe kwanza.

Wiki iliyofuata theluji ikaanguka, ikayeyuka kidogo, ikaganda. Njia ya kutoka kwenye jengo letu ikawa kioo. Jumamosi mchana, saa ya mazoezi, nikatoka chumbani nimevaa talo zangu.

"Furaha, vaa buti," mama akasema.

Nikamjibu kwa Kiingereza, kama nilivyomjibu karibu kila kitu miaka ile, kwamba sivai.

"Juu ya nini?"

Ningemwambia nini? Kwamba mtoto wa rafiki yake amenifanya kichekesho? Angeshuka ngazi saa hiyo hiyo kwenda kusema, na ningechekwa mara ya pili.

"Ile barafu itakuvunja mguu, mutoto yangu. Utaimba na plasta?"

Nikasema nitaimba na plasta. Mama akasema haya, mguu ni wako.

Nilipiga hatua tatu nje ya mlango. Hatua ya nne miguu ilitangulia, mimi nikabaki nyuma. Nilianguka chali, mbele ya vijana wawili waliokuwa wakipita, nao wakanipigia makofi kwa adabu kabisa. Nikainuka, nikajipangusa sketi, nikaendelea na safari nikishikilia uzio, uzio ulipokwisha nikashikilia magari yaliyoegeshwa, moja baada ya jingine, kama bibi anayejifunza kutembea upya. Sikugeuka nyuma, lakini nilijua mama yuko dirishani. Mazoezini niliimba vizuri, na kwa bahati Riziki hakuwepo, alikuwa ameshikwa na homa. Jioni kiwiko changu kilikuwa rangi ya biringanya.

Sasa sikilizeni alichofanya mama. Alikuwa mpishi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na pale kila asubuhi ya barafu mlinzi wa jengo humwaga chumvi mlangoni, barafu ikalegea. Basi Jumapili, kabla hakujapambazuka sawasawa, alichukua mfuko wa chumvi ya jikoni, ule wa kilo mbili, akashuka nao. Nilimwona kutoka dirishani, na koti lake juu ya nguo ya kulalia. Alianzia mlangoni mwa jengo, ameinama, akirusha chumvi kwa mkono kama mtu anayelisha kuku, hatua kwa hatua mpaka barabarani. Midomo ilikuwa ikicheza, alikuwa akiimba ule wimbo tuliokuwa tukifanyia mazoezi. Alirudi vidole vimekuwa vyekundu.

"Vaa talo yako," akasema. "Njia iko tayari."

Sikumshukuru. Nilitembea juu ya ile chumvi nikiringa, shingo juu, krwa, krwa, mpaka barabarani, na kutoka hapo kanisani.

Lakini hatukuwa peke yetu tulioamka mapema. Mama Riziki alikuwa amekesha na mtoto mgonjwa, na alfajiri ile alifungua pazia. Jiwekeni mahali pake. Anaona mtu ameinama kwenye giza, anarusha kitu cheupe mbele ya dirisha lake huku akinong'ona. Anamtambua. Halafu anakumbuka kwamba mtu huyo ana buti za mwanawe nyumbani, na binti yake hazivai. Zinawekwa za nini? Na mwanawe anaugua. Kwetu watu hawapotezi muda kuuliza kama uchawi upo, wanauliza tu ni nani. Mama Riziki hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameshazika watoto wawili kabla ya kufika Uingereza, na hofu ilikuwa imemzoea.

Maneno yalitembea chini chini. Kufikia maombi ya Jumatano, wanawake waliokuwa wakimkumbatia mama sasa walimpungia mkono kutoka mbali. Mama alikuwa amepika mandazi ya chai ya baada ya maombi, kama kila wiki. Sinia lilizunguka ukumbi mzima likarudi limejaa. Hakuna aliyelikataa. Kila mmoja alikuwa ameshiba ghafla, au ana tumbo, au anafunga. Mama akalifunika tena kwa kitambaa, akalibeba, tukala mandazi siku tatu.

Mimi niliyajua hayo Alhamisi, msichana mmoja wa kwaya aliponiandikia kwenye simu akiniuliza kama kweli mama yangu ameweka dawa mlangoni kwa kina Riziki. Damu ilinichemka. Nikakimbilia jikoni. Mama alikuwa akikata vitunguu, nikamsomea.

"Nimesikia," akasema.

"So waambie! Waambie ni viatu!"

"Hapana."

Nilimwomba, nikamlilia, nikapiga mguu chini. Aliendelea na vitunguu vyake. Basi nikaamua moyoni kwamba mama yangu ni mwoga, na nikaona aibu kwa ajili yake. Nawaambia ukweli wangu wote, hata huu usionipendeza. Baba wakati ule alikuwa na zamu za Jumapili kwenye ghala kule Castle Vale, ukoo wetu wote ulikuwa umebaki Kivu au umetawanyika Ulaya. Hapa Birmingham kanisa lile ndilo lilikuwa shangazi, mjomba na jirani. Mama akitengwa pale, hakuwa na mahali pengine pa kwenda akaitwa Mama Furaha. Kazini walimwita kwa jina ambalo hata hawakulitamka sawasawa.

Jumapili ikafika. Tulikuwa tukikodi ukumbi wa shule, viti vya plastiki, kinanda kimoja. Baada ya mahubiri Mchungaji akasema kwa upole kwamba katikati yetu kuna mtu aliyebeba mambo ya kale kutoka nyumbani, na kwamba mtu huyo aje mbele aombewe, asione haya. Hakutaja jina. Hakuna aliyemtazama mama, na kwa namna walivyokuwa hawamtazami, hata mgeni angejua ni nani. Mama alikuwa safu ya nne, mkoba mapajani, kidevu juu. Hakusogea. Kinanda kikaendelea polepole. Mchungaji akarudia mwito mara ya pili.

Nilitoka kwenye kwaya. Visigino vyangu vililia kwenye ile sakafu ya mbao, ko, ko, ko, nikafika kwenye maiki. Nilikuwa sijawahi kusema Kiswahili mbele ya watu, nikiimba tu. Siku ile nilikisema kama nilivyokiweza.

"Ile chumvi ni ya viatu yangu," nikasema. "Nili-slip. Mama akamwaga chumvi nisianguke tena, kama wanafanya kazini kwake. Na buti za Riziki sivai juu ya Riziki alinicheka."

Nikainua mguu nikawaonyesha soli, kanisa zima. Mchungaji akanyoosha mkono kuchukua maiki, nikaikwepesha, nikamalizia.

"Na lile gari ya council inamwaga chumvi Birmingham yote. Ile inaroga nani?"

Mzee mmoja kule nyuma akaanza kucheka, kicheko cha kifua kibovu, nusu yake kikohozi, na kikaambukiza safu moja hadi nyingine. Mchungaji akashika paji la uso. Riziki, aliyekuwa ameshapona, alitazama ncha za viatu vyake. Mama Riziki alifunika mdomo kwa kitenge, na ibada ilipokwisha alikuja akamshika mama mikono miwili akilia, akisema tumwombe Mungu atusamehe sisi sote. Mama akamwambia ni sawa. Sinia la mandazi siku ile halikubakiza hata makombo.

Mimi kichwa kilivimba, mlango wa ukumbi ulikuwa mdogo. Nilingoja kukumbatiwa. Tulipoingia ndani mama akavua koti, akalitundika, ndipo akanigeukia.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna. Nilikuwa nakusaidia."

"Nilikuomba?"

Nilijifungia chumbani nikalia kwa hasira. Nilidhani ananionea wivu, au amechukia kwamba nimetaja viatu mbele ya Mchungaji, au basi tu ni wale wazazi wasiojua kusema asante. Jumamosi iliyofuata nilivaa talo zangu tena, na nilizivaa mpaka baridi ikaisha. Nilianguka mara mbili zaidi. Mama alimwaga chumvi kila barafu ilipoganda, mchana kweupe, na hatukuzungumza tena habari ile.

Imepita miaka. Mwaka jana, katika baridi, nilikuwa kwake namsaidia kukunja nguo, nikamuuliza hatimaye kwa nini hakuwaambia. Ilikuwa jambo la sentensi moja. Nilimwuliza kwa Kiswahili, siku hizi tunazungumza Kiswahili.

Akaniambia kwamba wiki ile, kila jioni akitoka kazini, alichemsha chai, akaitia kwenye chupa, akaiweka mezani na vikombe viwili. Mimi nilikuwa nimeiona ile chupa nikafikiri ni ya baba. Kumbe alikuwa anangoja mtu. Mmoja tu apande ngazi agonge, aseme, Mama Furaha, ile chumvi ni ya nini? Angemjibu, wangecheka wapasuke mbavu, wangekunywa chai. Mama Riziki alikuwa ngazi ishirini na nne chini yake.

"Mtu akikuuliza, unamujibu," mama akasema. "Lakini ukienda kumuelezea mtu kitu hajakuuliza, kwamba si weye umefanya, umeshakubali naye kwamba ungeweza kukifanya. Mimi hapana. Miaka saba wananijua."

Akakunja shuka, akaiweka juu ya nyingine.

"Ile Jumapili nilikuwa bado nangoja. Ningekaa pale kwenye kiti mpaka mtu mmoja asimame aniulize usoni. Weye ukawapa jibu bure, wakaenda nalo nyumbani. Mpaka leo, Furaha, hakuna hata mmoja amewahi kuniuliza."

Yule niliyemwona mwoga ndiye peke yake aliyekuwa na ujasiri kwenye ukumbi mzima, na mimi nilimkatiza. Nimemwomba radhi kwa kumjibia, tena nimemwomba kwa magoti. Kwa kusimama siku ile mbele ya kanisa sijamwomba, na simwombi.