Trela Lililomchezesha Shangazi Juu ya Sofa

Nimewahi kupita barabara ya Mandela mchana kweupe, nyuma yangu trela linakata kiuno, na juu ya trela kuna mama mtu mzima kakaa kwenye sofa anapiga vigelegele.

Sikuwa nimelewa. Mie hata bia siijui ladha yake.

Naitwa Mashaka, wa Temeke. Ishu yote ilianzia kwenye posa.

Nilikuwa namtaka Shamimu, binti wa Mzee Marijani wa Vingunguti. Mjomba wangu Anwar akapeleka posa kwa heshima zote, kanzu na kofia. Wakampokea vizuri. Halafu kimya.

Kila nikimuuliza mjomba, jibu ni lilelile. "Subiri wewe. Posa haikimbizwi."

Mie subira sina, tusidanganyane. Nikaenda mwenyewe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe si ndiye mwenye pikapu?"

"Ndiyo mzee."

"Na lile trela ni lako?"

"Langu mzee."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. Mzee Marijani kaendesha malori mpaka kastaafu, na kwake yeye mwanaume anapimwa akiwa kwenye usukani.

Akaniambia Lulu, dada yake Shamimu, anaolewa Manzese. Vyombo vyake vinatakiwa vipelekwe kwa mume: kitanda, kabati, friji, seti ya sofa, masufuria, mpaka mbuzi ya kukunia nazi. Nivute mie.

"Nikuone unavyoendesha," akasema. "Mengine tutaongea vyombo vikishafika."

Hapo hata mtoto mchanga angeelewa. Vyombo vikifika salama napata mke. Vikifika vibaya naambulia picha yake ya wasapu.

Sasa trela langu ni la mtumba kutoka ng'ambo, na breki zake ni za umeme. Ukikanyaga breki kwenye gari, gari linatakiwa lipeleke umeme nyuma, trela nalo lijishike. Bila hivyo mzigo unakusukuma mgongoni, na kwenye mteremko utasimama sebuleni kwa mtu.

Pikapu yangu haikuwa na huo mfumo. Nilikuwaga nabeba magodoro tu, magodoro hayasukumi mtu. Lakini friji na kabati la mninga? Nikasema hapana, hapa nafunga breki za maana.

Nikaenda Chang'ombe kwa fundi Brightson, mshikaji wangu wa siku nyingi. Brightson ana tatizo moja, hajawahi kusema "sijui". Muulize njia ya kwenda mwezini, atakuonyesha pa kukata kona.

Akafunga kiboksi cha kuongoza breki chini ya dashibodi, akatandaza nyaya mpaka nyuma.

"Hicho kiboksi kitajuaje kama nimekanyaga breki?" nikamuuliza.

"Nimechukua waya huku nyuma, kwenye taa nyekundu ya trela. Ukikanyaga, taa inawaka, kiboksi kinaamka, trela linashika."

"Si ungechukua kule mbele, kwenye pedali?"

"Mashaka, mie nakufundishaga kuposa?"

Tukajaribu. Nakanyaga, linashika. Naachia, linaachia. Safi kabisa, nikamkumbatia na magrisi yake.

Siku ya vyombo ikafika. Vijana wa matarumbeta wakapanda nyuma ya pikapu, vyombo tukavifunga kamba juu ya trela, kina mama na sare zao wakajaa kwenye basi dogo la Kosta. Shamimu alikuwa humo. Mzee Marijani akakaa mbele kabisa na gari yake ndogo, kuongoza msafara.

Mara namwona Shangazi Tabu anapanda trela. Huyu ndiye dada mkubwa wa Mzee Marijani. Akajitupa kwenye sofa, akatengeneza kanga, akafungua mwavuli.

"Shangazi, hapo si salama."

"Vyombo vya mwanangu haviwezi kwenda peke yake kama vya wizi. Twende."

Nikambembeleza basi angalau nimfunge mkanda wa mizigo. Akakubali, ila nisibane, ametoka kula.

Tukaondoka. Na nyie mnajua, msafara wa harusi bila hazadi, zile taa za pembeni zinazowaka na kuzima zote kwa pamoja, ni msafara wa kwenda kazini. Gari zote zikawasha. Na mie nikawasha.

Hapo ndipo trela lilipopagawa.

Linashika, linaachia. Linashika, linaachia. Pikapu inavutwa nyuma, inaruka mbele. Nikatazama kwenye kioo, Shangazi anadunda kwenye sofa, mwavuli juu, mwavuli chini. Mlango wa kabati unafunguka na kujifunga wenyewe.

Mpiga ngoma kwanza akapoteza mdundo. Akasikilizia kidogo, akaanza kulifuata trela. Tarumbeta nazo zikafuata ngoma. Kufika Tabata walikuwa wameshaacha wimbo wao, wanapiga wimbo wa trela.

Bodaboda wakatuzunguka na simu zao, wanarekodi. Kina mama kwenye Kosta wametoa viuno madirishani.

Mie jasho linanitoka. Nikasema basi, kuna mtu anamtaka Shamimu na ameshanitupia kitu. Nikasoma kila dua ninayoijua, mpaka ile ya kuingia chooni.

Msafara uliposimama kwenye taa, nikampigia Brightson.

"Braza, trela lina mashetani."

"Linafanyaje?"

"Linakata kiuno."

"Umewasha hazadi?"

"Si harusi?"

"Zima."

Nikazima. Trela likatulia tuli.

"Hilo trela balbu ya breki na ya hazadi ni moja," akasema. "Kila ikiwaka, kiboksi kinadhani umekanyaga breki."

"Na wewe ulikuwa unalijua hilo?"

"Nimelijua sasa hivi."

Nilimtukana tusi ambalo siwezi kuliandika hapa. Kabla sijamaliza, Mzee Marijani kashashuka kwenye gari yake, yuko dirishani kwangu, amevimba.

"Ndiyo unavyoendesha hivyo? Ukiwasha tena huo upuuzi, hata salamu yako siitaki."

"Nimekuelewa mzee."

Akarudi mbele. Taa zikaruhusu, tukaondoka. Hatujafika mbali, nasikia mtu anagonga bodi la trela kwa mwavuli.

"Nani kazima?" Ni Shangazi. "Washa!"

"Shangazi, mzee amekataza."

"Mzee gani? Marijani? Huyo nimembeba mgongoni, amenikojolea. Washa."

Jamani, nilitamani kulia. Baba mtu anasema zima, shangazi mtu anasema washa, na mke ninayemtaka ni wa hao hao wawili. Simu ikaingia meseji. Ni Shamimu, kutoka kwenye Kosta: "Msikilize shangazi. Baba hata kiatu anamuuliza yeye kwanza."

Nikawasha.

Barabara ya Morogoro ilisimama. Abiria wa mabasi ya mwendokasi wamebandika nyuso kwenye vioo. Manzese wakatoka mafundi, wauza mitumba, wapika chapati, wote wanacheza kwa mdundo wa breki zangu. Shangazi juu ya sofa anawapungia mkono.

Tukafika kwa bwana harusi. Mzee Marijani akashuka kwenye gari yake. Akaenda moja kwa moja kwenye kabati, akafungua. Sahani za kioo zilikuwa zimegeuka kokoto.

Akageuka, akaniangalia kuanzia viatu mpaka kichwani.

"Kijana. Kuhusu ile posa yako..."



"Posa tena?" sauti ikatokea nyuma yangu. "Si mlishanipa jibu?"

Nikageuka. Kwenye jamvi la wazee, mbele ya sinia la pilau, kakaa mjomba wangu Anwar, mkono umejaa nyama.

"Mjomba, wewe hapa unafanya nini?"

"Nakula harusi ya wakwe zetu. Walishakubali mwezi uliopita."

Nikamgeukia mzee. Mzee anaangalia chini, anafuta friji ambalo halina vumbi.

"Tulikubaliana usiambiwe mpaka vyombo vifike," mjomba akaendelea, anatafuna. "Kijana akishajua amekubaliwa, ukimwita kwenye kazi anakwambia gari bovu."

"Na wewe ulijua?" nikamuuliza Shamimu, aliyekuwa anashuka kwenye Kosta.

"Mie nilishachagua mpaka kitambaa," akasema, anacheka ndani ya mtandio.

Shangazi Tabu bado yuko kwenye sofa, anahangaika na mkanda. "Marijani, acha kumtisha mtoto wa watu kwa sahani. Njoo unifungue."

Mzee akaenda, akamfungua.

Wanaume wenzangu, nawaachia mawili. Waya wa breki za trela chukueni kwenye pedali, msiguse taa. Na ukiona jibu la posa linachelewa, kabla hujaanza kukonda, jiulize kwanza una gari gani.