Binti Yangu Aliyeona Ufa Kila Mahali

Usiku ule tulisubiri majibu ya mtihani kama watu wanaosubiri mgonjwa atolewe chumba cha upasuaji. Chuo kilisema yatatumwa kwa simu kabla ya kupambazuka, kwa hiyo simu ya binti yangu tuliiegemeza kwenye birika, katikati ya meza, wote tuione. Mume wangu alikuwa anasinzia huku amekaa. Wifi yangu, dada yake mume wangu, ambaye zamani alikuja kututembelea kidogo tu na mpaka leo hajaondoka, alikuwa anamenya karanga. Binti mwenyewe alikuwa anatembea, mlangoni hadi dirishani, dirishani hadi mlangoni, nami nikawa namtazama mguu wa kushoto, maana niliona kama anauburuta.

"Mama, acha kuniangalia mguu."

"Nani anakuangalia mguu? Ulijigonga wapi?"

Simu ikalia. Tukaruka wote isipokuwa mume wangu. Ilikuwa kampuni ya simu inatutangazia bahati nasibu. Ikalia tena, na safari hii ilikuwa yenyewe. Binti yangu akasoma, akailaza simu kifudifudi, akakaa chini.

"Nimefeli."

"Kawaida," mume wangu akasema bila kufumbua macho, na wifi akamrushia ganda la karanga.

Niwaeleze kwanza kazi ya binti yangu, maana hata mtaani hawaielewi. Huyu ni kifungua mimba wangu, mtu mzima mwenye nyumba yake ya kupanga vyumba viwili hatua chache kutoka kwetu, ingawa anakula kwangu. Hospitalini ndiye anayepiga picha za eksirei. Anakusimamisha ukutani, anakwambia vuta pumzi, usipumue, haya pumua. Jirani yetu mmoja aliambiwa akapigwe picha ya kifua, akaenda amejipaka rangi ya mdomo na kuvaa hereni kubwa. Hereni akavuliwa. Picha ilipotoka akaomba arudiwe, eti alifumba macho.

Kwa miaka mingi binti yangu alikuwa anapiga tu. Kuisoma picha na kuiandikia ripoti ilikuwa kazi ya daktari maalumu, na madaktari hao ni wachache kuliko picha. Picha zinalundikana, mtu ana mkono umevimba kama boga, anaambiwa njoo wiki ijayo. Ndipo hospitali ikawachagua wapigapicha wenye shahada na uzoefu, ikawarudisha chuoni wajifunze kusoma picha wenyewe na kuziandikia ripoti kwa sahihi zao. Binti yangu akawa mmoja wao. Akifaulu, anapata kiti kwenye chumba cha kusomea picha. Akifeli mara ya pili, chuo hakimpokei tena, anarudi ukutani na vuta pumzi yake mpaka astaafu. Na ile ya kwanza ndiyo hiyo imeshapita.

Sasa, hakufeli kwa kutoona magonjwa. Aliyaona yote. Shida ni kwamba aliyaona na yasiyokuwepo. Alinieleza kwamba mifupa ya mtoto ina mistari karibu na viungo, pale ambapo mfupa bado unakua, na kwenye picha mistari hiyo unaweza kudhani ni ufa. Watahiniwa wanawekewa picha nyingi, wapitie haraka, na nyingi ni za watu wasio na tatizo lolote, wakubwa kwa watoto. Binti yangu akaziandikia: umevunjika, umevunjika, huu nao umevunjika. Mwalimu wake alimwita ofisini.

"Kwa mwendo huu," akamwambia, "utawafunga plasta watoto wa mji mzima, tena wengine wakiwa uwanjani wanacheza mpira."

Wifi aliposikia hayo akanigeukia mimi.

"Hilo si suala la shule. Huyo ni wewe mtupu."

"Mimi nimefanyaje?"

"Paka akilala mchana unamshika ubavu uone kama anapumua!"

"Siku hizi paka wanakufa ovyo."

"Mtu akipiga chafya wewe umeshavaa viatu vya hospitali!"

Nikaenda kuvificha, maana kweli vilikuwa mlangoni.

Mwalimu alimpa dawa moja: atazame picha za wasio na ugonjwa mpaka azichoke, mpaka macho yake yazoee uzima ulivyo. Na kila picha aisome kwa sauti, kwa mpangilio uleule. Aanze na kingo za mifupa, aje kwenye viungo, kisha nyama, kisha pembe za picha ambazo watu huzisahau. Asipoona kitu, aseme neno lililokuwa linamshinda: kawaida. Chuo kilimpa picha za mafunzo zisizo na majina ya wenyewe, akaja na kompyuta yake ndogo mezani kwangu.

"Mkalishe na baba yake," wifi akashauri. "Huyo neno hilo analo ghala zima."

Ni kweli. Mume wangu ni fundi baiskeli, na kwa macho yake hakuna kilichowahi kuharibika duniani. Bati likivuja, anasogeza kiti. Siku moja gurudumu la mbele lilimchomoka akiwa njiani, akarudi nyumbani amelibeba begani, anapiga mluzi. Basi akakaa mbele ya kompyuta, akajifuta mafuta ya mnyororo vidoleni, akaanza kazi.

"Kawaida," akasema.

Picha nyingine.

"Kawaida."

Nyingine.

"Kawaida hii."

"Baba! Huo mguu umekatika vipande viwili!"

Akainama, akautazama vizuri. "Si utaungwa?"

"Utaungwa, ndiyo, lakini umekatika."

"Basi si kawaida hiyo?"

Binti yangu akashika kichwa. Nikamwambia mume wangu asogee, nikakaa mimi.

"Hapo! Ufa huo!"

"Mama, huo ni mkunjo wa ngozi."

"Na hapo chini?"

"Ni njia ya mshipa wa damu unaoingia ndani ya mfupa. Kila mtu anayo."

"Na hicho cheupe, cha mviringo, kifuani?"

"Kifungo."

"Amemeza kifungo! Mtoto wa watu!"

"Kimeshonwa kwenye shati, mama. Alisahau kuvua shati."

"Una hakika?"

"Kina matundu manne na uzi!"

Kuanzia hapo akatuweka sisi wawili kila jioni, baba kulia, mama kushoto. Tulikuwa kama waamuzi wa mpira, mmoja anampa kadi nyekundu kila anayepita, mwingine amepoteza filimbi. Lakini nikaanza kuona jambo. Baba yake akisema kawaida na pana ufa, binti ilimbidi aonyeshe ukingo wa mfupa ulipokatika. Mimi nikipiga kelele na hapana kitu, ilimbidi anieleze kwa nini hapana kitu, na mimi si mtu wa kuridhika na maelezo mafupi. Mwanzoni akinijibu alikuwa anarudi kuitazama tena ile picha, kwa wasiwasi, kama mtu aliyeacha jiko linawaka. Baadaye akawa ananijibu bila kurudi nyuma. Nilifurahi, ila mara nyingine nilikereka, maana kuna goti moja mpaka leo siliamini.

Nyumba nzima ikaambukizwa. Wifi alipakuliwa chakula jioni moja, akaitazama sahani, akakohoa.

"Wali umeonekana. Mchuzi umeonekana. Nyama haijaonekana. Inashauriwa mgonjwa arudiwe."

Mtihani wa kurudia ulikuwa wa mdomo. Unaingia peke yako, wakaguzi watatu wanakuonyesha picha, unasoma mbele yao, na anayerudia huambiwa palepale kama amefaulu. Asubuhi ile binti yangu alinisimamisha jikoni.

"Mama. Mimi nina mvi mbili. Usinifuate."

"Nikufuate niende wapi?"

Lakini alisahau mwavuli wake. Kweli jua lilikuwa linawaka, tena kali, ila mvua ya mji wetu haina adabu, inakuja bila taarifa. Nikauchukua, nikaenda.

Chuo kina korido ndefu yenye harufu ya dawa ya kusugulia sakafu, na viti vya plastiki vilivyofungwa pamoja kwa chuma, mmoja akijitikisa wote mnatikisika. Kwenye meza alikaa karani.

"Mama, wewe ni mtahiniwa?"

"Mimi ni mama wa mtahiniwa."

"Huu ni mtihani wa stashahada ya uzamili. Wazazi hawaji."

"Nimeleta mwavuli."

Karani akatazama dirishani, akatazama mwavuli, akanitazama mimi. Nadhani naye ana mama. Akanyanyuka akaenda kutafuta chai, nami nikanyanyuka nikausogelea mlango wa chumba cha mtihani, si kwa ubaya, nione tu kama umefungwa vizuri.

Nikaisikia sauti ya binti yangu. Alikuwa anasoma mapafu, polepole, kwa mpangilio. Kisha kiwiko cha mtoto. "Hii ni mistari ya ukuaji," akasema. "Haina tatizo." Nikaubusu mpini wa mwavuli.

"Na hii, ya mwisho?" akauliza mwanamke mwenye sauti ya kikubwa.

Mimi hapo ningekuwa nimeshapiga kelele.

"Hii ni ya kawaida," akasema binti yangu.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Angalia tena," ikaingia sauti ya mwanamume. "Mwenzako aliyetangulia aliona ufa hapo."

Nikasema moyoni, mwanangu, kama mwenzako kauona basi na wewe uone, utapungukiwa nini? Andika hata kaufa kadogo! Nikauma mpini nisije nikapayuka.

"Nimeangalia," akasema. "Nimeufuata ukingo wa mfupa mwanzo hadi mwisho, haukatiki popote. Nyama haijavimba. Anachokiona mwenzangu ni njia ya mshipa, kingo zake ni laini. Mgonjwa akisema anaumia palepale, nitaomba apigwe tena kwa upande mwingine. Ila kwa picha hii siandiki kwamba amevunjika."

Nikasikia kalamu zinaandika. Mtu akasogeza kiti.

"Kuna lolote lingine umeliona, la kuongeza?" akauliza yule mwanamke.

"Kwenye picha, hapana."

"Na nje ya picha?"

"Chini ya mlango naona viatu vya mama yangu."

Ndani wakaangua kicheko, na mimi nikataka kukimbia, ila karani alikuwa anarudi na kikombe chake cha chai na korido ni moja. Kicheko kikakatika. Wakanong'onezana, nikatega sikio nisipate hata neno. Kisha nikasikia nyayo zinakuja, kitasa kikazunguka, na mlango ukafunguka kwa haraka kiasi kwamba nilishika fremu kwa mkono mmoja na mwavuli kwa mwingine.

Alisimama mama mmoja mwenye nywele nyeupe, miwani ameipandisha kwenye paji la uso. Akanitazama kutoka juu hadi chini, kwa mpangilio.

"Ingia, mama," akasema. "Amefaulu. Tulitaka kumpongeza, lakini anasema tukufungulie wewe kwanza kabla hujaanguka."