Nilikamua Pipa la Mbegu, Akafukuzwa Mama wa Watu

Admin, ficha jina langu, na hata kijiji usikitaje. Leo ni Jumapili, nina mwaka mmoja na miezi saba tangu niondoke kwetu Iramba, Singida. Nina miaka thelathini na nne, mke na watoto wawili wako nyumbani. Shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo mnivumilie.

Nilikuja huku Mara kuvuna pamba Bunda. Msimu ulipoisha nikasikia kuna mradi wa mwani upande wa Butiama, karibu na ziwa. Mwani wenyewe ni mdogo, huuoni mmojammoja, unaona tu maji yamekuwa kijani. Ndani yake kuna rangi ya machungwa inayotakiwa na watu wa vidonge vya vitamini.

Mtaalamu wa mradi aliniuliza swali moja tu. "Umewahi kukamua?"

Nikamjibu, "Tangu nikiwa mtoto, bosi."

Akafurahi, akasema wanatafuta mtu mwenye mkono wa taratibu. Sikudanganya. Kwetu kukamua ni alizeti. Mbegu zinaingia kwenye mashine, mafuta yanatoka huku, mashudu yanatoka kule, tunawapa kuku. Huku kwa wafugaji, mtu akisema kukamua anaona ng'ombe. Yeye aliona ng'ombe, mimi niliona alizeti, tukapeana mikono.

Wiki mbili za kwanza nilichimba mitaro na kubeba maji. Bandani kwenye mapipa ya mwani sikuingia. Bandani alikuwa mama mmoja wa Kibara, nitamwita Mama Magesa, si jina lake. Ni yeye aliyenitafutia chumba, na mchana alikuwa ananiwekea ugali na dagaa bila kuombwa. Alikuwa akiniita "mgeni", akisema nikimaliza mwaka ndiyo atauliza jina langu.

Siku moja akaitwa msibani kwao. Mtaalamu alikuwa Musoma. Mama Magesa akaniambia, "Mgeni, si ulisema unajuaga kukamua? Nikamulie hilo pipa la mbegu mara moja tu, halafu uliache lipumzike. Kesho asubuhi nimerudi."

Kukamua, na mbegu. Ningeuliza nini tena? Na kusema kweli niliona aibu kuuliza, maana nilishajisifu.

Nikakunja kitambaa mara nne, nikachuja pipa lote, nikakamua mpaka mikono ikauma. Kimajimaji kilichotoka nikakiweka kwenye chupa, nikaifunga vizuri. Mashudu nikawapa kuku wa mlinzi. Kisha nikaosha pipa, nikaligeuza juani lipumzike. Nilijisikia mtu wa maana siku ile.

Asubuhi Mama Magesa alifika, akaliona pipa limelala kifudifudi. Akasimama hapo mlangoni na kanga yake ya msibani.

"Mgeni, umefanya nini?"

"Nimekamua, mama. Chupa ile pale."

Akaitazama chupa, akanitazama mimi. "Kwani ng'ombe ukimkamua unamchinja?"

Ndipo akanieleza. Mwani unakamuliwa ukiwa hai. Unamwaga mafuta mepesi juu ya maji, unakoroga polepole, mafuta yanabeba rangi, unayaengua. Mwani unabaki, unapumzika, unatengeneza tena. Pipa la mbegu ndilo lililochotwa mwani wa kuanzishia mapipa mengine yote. Alikuwa amelilea miaka mitatu, na kuku walishamaliza.

Mtaalamu aliporudi akauliza nani amegusa pipa. Mimi nimeshika ndoo, nimesimama hatua nne kutoka kwake. Mama Magesa akasema, "Pipa lilikuwa mikononi mwangu." Akanyamaza. Mimi niliangalia ndoo.

Akafukuzwa palepale. Mbegu mpya ikaletwa kutoka mbali, na kwa kuwa mtu aliyebaki ni mimi, mtaalamu akanifundisha, nikakaa kwenye nafasi ya Mama Magesa. Sasa mimi ndiye ninayewaonyesha wageni namna ya kukamua. Nikiwaambia "taratibu, mwani usife", naangalia pembeni.

Wiki iliyopita nilitumwa Mwigobero, kule Musoma mjini, kununua ndoo. Nikamkuta Mama Magesa anaanika dagaa. Akaniona yeye kwanza.

"Mwalimu wa kukamua, karibu."

Nikamsalimia, nikamuuliza kwa nini siku ile alinificha. Hakuacha kazi yake.

"Sikukuficha. Nilinyamaza ili useme mwenyewe. Nilikuwa nakusubiri, mgeni. Hata kule getini nilitembea polepole."

Akaniambia kuna mradi mwingine wa mwani unafunguliwa Bunda, alienda kuomba kazi. Walipomjua wakasema, wewe si ndiye yule aliyeua mbegu? Wakamrudisha. "Mimi kazi ya samaki nilikuwaga naijua toka zamani," akasema, "lakini ile niliipenda."

Nimekaa na maneno hayo, hayashuki. Nina hasira na mtaalamu aliyeuliza swali moja tu, nina hasira na neno lenyewe, lakini mwisho wa yote najikuta mimi na ndoo yangu. Watu wa Bunda wanamsikiliza mtaalamu. Nikimwambia ukweli leo, jina la yule mama litasafishika na mimi nitaondoka kama mbwa. Moyo wangu wa woga unaniambia nisubiri nifike kwetu, ndiyo nimtumie ujumbe. Lakini Bunda wanachukua watu mwezi huu, wakishajaza hakuna tena.

Ndugu zangu, msinionee huruma, niambieni tu: nimfuate mtaalamu kesho asubuhi, au nimwendee kwanza Mama Magesa, twende pamoja? Nijibuni leo kabla sijabadilika.

Nyumbani nitarudi mwezi wa tano, alizeti zikishakauka. Mke wangu ameshawaambia majirani kwamba nimekuwa fundi. Najua nikishuka tu kwenye basi wataniambia, karibu, twende tukakamue.