Umande wa Kiangazi

Juzi niliulowesha mto wangu wa pamba, na harufu yake ikanirudisha Mwandoya, nyuma ya nyumba yetu, msimu ambao wanunuzi binafsi walianza kuja kuchukua pamba. Mama alikuwa akinyunyizia maji magunia yetu ili yazidi uzito. Pamba ile ndiyo ingeninunulia sare mpya ya shule.

"Mama, si dhambi hiyo?"

"Hii ni akili. Wizi ni ile mizani yao."

Mnunuzi alipofika hakuwa na haraka. Alitutazama usoni mmoja mmoja, kisha akazamisha mkono hadi kiwiko kwenye gunia lile lile nililokuwa nimelikodolea macho.

"Mama, pamba yako imelia?"

"Ni umande, baba."

"Umande wa kiangazi hiki? Rudisha ndani."

Gari lake lilipoondoka, mama alinigeukia.

"Umemwambia."

"Sijasema kitu!"

"Umetazama. Hiyo sasa ndiyo dhambi."

Mwaka ule nilivaa sare yenye viraka. Baadaye nilisoma maadili chuo kikuu, miaka mitatu mizima, lakini hadi leo nikipita penye magunia ya mtu, natazama pembeni.