Mawese Kwenye Besi la Mjomba

Nyie mnaonicheka kila nikipita Majengo, leo nasimulia mwenyewe, maana mnavyosimulia nyie mnaongeza chumvi, na aibu yangu hata bila chumvi ilitosha.

Mjomba Lazaro ana besi la kusimama, lile dude la mbao kama gitaa lililoshiba ugali, refu kunipita. Kalipiga kwenye dansi Dar, jazi kwenye hoteli za watalii Arusha, taarabu Tanga, mpaka misibani, kisha akarudi nalo Mpanda kwa treni (besi limelala kitandani, yeye kasimama, ndivyo anavyodai) akaanzisha bendi ya vijana. Mimi, mpwa wake wa damu, akanipa manyanga, vile vibuyu vya kutikisa. Besi akampa Eliya, mtoto wa kutoka Litapunga, mpole kama kondoo wa picha ya kanisani. Nikimwona kalikumbatia, hata chakula hakipiti.

"Mjomba, nipe hata wimbo mmoja."

"Wewe unataka kuonekana. Besi ni kubeba wenzako."

"Nitawabeba."

"Haya, harusi ya Jumamosi, wimbo wa keki. Ukiwabeba, mtapokezana na Eliya. Ukiharibu, manyanga mpaka umalize shule."

Shida ikawa vidole. Vya Eliya vina sugu, vyangu vina malengelenge, na zile nyuzi zinang'ata. Mama alikuwa kaletewa mawese kutoka Kapalamsenga, nikawaza, kama kikaango kikipakwa mafuta chapati haigandi, kidole kitagandaje? Nikapaka nyuzi, nikapaka shingo ya besi, na mikono nikajipaka (nikajiona injinia kabisa).

Jumamosi harusini, wimbo wa keki ukaanza, vidole vikateleza, kila noti nafika imeshapita, gitaa linanisubiri, ngoma inanisubiri, maharusi wamebaki mguu mmoja hewani. Nikimtazama Eliya pembeni, kashika manyanga yangu, na anayapiga kunishinda. Hata manyanga, jamani. Wivu ukanipanda, nikaamua kulizungusha besi kama nilivyoona kwenye simu, watu wamsahau. Likazunguka, halishikiki, likaelekea kwenye keki, Eliya akatupa manyanga akalidaka kwa kifua, na mimi katika kuanguka nikashika kilichokuwa karibu, kumbe gauni la bibi harusi. Vidole vitano vya rangi ya machungwa, kiunoni, kwenye kitambaa cheupe.

Emsii akachukua maiki taratibu. "Ndugu zangu, harusi imepigwa muhuri."

Eliya akafuta nyuzi kwa shati lake jipya, akaanza, na bendi nzima ikatulia kama mtoto aliyerudishwa mgongoni kwa mama yake. Mjomba hakunigombeza. Aliokota manyanga akanipa.

"Piga."

Nikapiga. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba tulisikika vizuri.

Sasa jua likichoma, besi linanuka kama jikoni kwetu, na Eliya ananiambia kwa upole wake ule ule, "Kaka, nasikia njaa." Nimeapa, mawese ni ya maharage tu. Wivu ninao bado, siwadanganyi, ila kabla ya mazoezi nanawa kwa sabuni.