Kwaresima Ambayo Mama Alijifunza Dhambi kwa Kiswahili

Padri wetu wa zamani aliondoka Élisabethville, mji wetu wa migodi, na lori la misheni asubuhi ya Jumatatu, wanawake wakiwa bombani kuteka maji. Hakuaga. Baadaye tulielezwa kwamba ndivyo ifanywavyo: padri huhamishwa kama askari, na waumini wakianza kulia awe ameshafika anakokwenda. Hakupelekwa mbali, Kipushi tu. Lakini kwetu sisi tuliotoka Kasai ilikuwa kama amevushwa bahari.

Msomaji wa leo huenda asione ubaya uko wapi, basi nieleze polepole. Misa ilikuwa ya Kilatini, mahubiri ya Kiswahili, na hayo tuliyazoea wote. Shida ilikuwa kuungama. Padri yule alikuwa amekaa Kasai miaka mingi, akaijua lugha yetu hata utani wake. Kila Jumamosi mama yangu alipiga magoti mbele yake akasema ya moyoni jinsi yalivyokuwa moyoni. Kiswahili alichokuwa nacho mama kilikuwa cha sokoni: unga, makaa, punguza kidogo, usiniibie.

Padri mpya alifika Kwaresima ilipoanza. Alikuwa kijana wa ndevu nyekundu, na sitasema alikuwa mtu mbaya. Jumapili ya kwanza alitangaza:

"Bakristu, hapa muji iko moja, na luga iko moja. Mwenye hajue Kiswahili, katekista atamutafsiria."

Katika benchi letu watu walitazamana. Katekista alikuwa mume wa dada yangu.

Kwetu mama mkwe na mkwe wake hawali pamoja. Mama akimwona kwa mbali hujifunika kitambaa, hushika njia nyingine. Ni heshima, wala si uadui. Sasa aliambiwa amnong'oneze mkwe wake dhambi zake, naye azifikishe kwenye sikio la padri. Shemeji mwenyewe alikosa usingizi. Alikuja kwetu, akasimama nje ya ua, mgongo umeelekea mlango, akasema na mimi:

"Mwambie mama, siku hiyo nitajifanya mgonjwa."

"Mwulize," mama akaniambia kutoka jikoni, kwa sauti ya kumfikia, "ataumwa mpaka Pasaka?"

Tulicheka, lakini mama hakucheka. Alikuwa na jambo alilolibeba tangu Krismasi. Hakuniambia ni jambo gani, na mpaka leo silijui. Nilijua tu kwamba lilimwamsha alfajiri kabla ya king'ora cha mgodi, na kwamba hakutaka kupokea komunyo ya Pasaka akiwa nalo. Jirani yetu, mke wa fundi wa reli, alimtania bombani:

"Weye mama, padri ni padri. Sindano ya daktari mupya nayo inaponyesha!"

"Daktari huuliza kwanza unaumwa wapi," mama akanijibu mimi kwa lugha yetu, akajitwika ndoo.

Wiki ya tatu tulipanda lori la makaa kwenda Kipushi, mimi na yeye. Mama alivaa kitenge chake kizuri na kukifunika kwa gunia ili kisichafuke. Pale misheni tulimkuta mpishi akichambua maharage mlangoni.

"Munachelewa, mama," akasema. "Ule padri balimutuma mbali, Kasenga, juma yenye kupita."

"Wanamcheza kama mpira," mama akasema. Mpishi hakuielewa lugha yetu, akadhani anaomba maji, akamletea. Mama akanywa, akamshukuru kwa Kiswahili.

Tuliporudi aliniambia, "Wewe unafundisha watoto wa shule ya masista kusoma. Nifundishe na mimi hizo dhambi."

Nilifurahi. Nilimwambia atashinda, kwamba lugha ni mazoea tu, na kila jioni tukikaanga karanga nilimpa maneno. Upesi niligundua ugumu wake: neno atakaloliomba ndilo litakalomfichua. Mama aliugundua kabla yangu. Akadai nimfundishe yote, hasira, wivu, masengenyo, uzinzi, wizi, hata kuua mtu.

"Kuua pia, mama?"

"Weka. Usichague."

Alijifunza kwa bidii kuliko watoto wangu wa shule. Jumamosi kabla ya Pasaka alipanga foleni, akaingia peke yake, shemeji akiwa amekaa mbali kwenye ngazi za nje. Hakukawia. Njiani nilimshika mkono.

"Umeweza, mama!"

"Nimeweza. Hasira, wivu, masengenyo, kama ulivyonifundisha. Padri amefurahi. Amesema Kiswahili changu iko muzuri sana."

"Na lile jambo?"

Alijifunga kitenge upya.

"Nililianza. Akaniuliza maana yake, nikaeleza vingine, akauliza tena. Nyuma watu walikuwa wanakohoa. Nikamwambia, hapana, padri, ni hayo tu."

Nilimhakikishia kwamba Mungu alisikia hata ambalo halikusemwa. Nilikuwa na maneno mengi ya namna hiyo, kwa lugha mbili. Alinipigapiga mkononi, kama mtu anayemshukuru mtoto kwa zawadi isiyomfaa.

Siku ya Pasaka benchi letu lote lilisimama kwenda kupokea komunyo. Mama alivuta miguu yake kando ili tupite.